Mpagazi Hakwanguliwi

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa kopo la gundi na brashi, akanionyesha benchi la wanawake. Nikamrudishia kopo lake.

"Shikamoo, Fundi Mkuu. Mimi sikuja kubandika bahasha. Nimekuja kuchonga mihuri, na wembe ninao."

"Marahaba," akajibu, maana salamu hujibiwa hata na mtu aliyekasirika. "Mwanangu, mikono ya kike ina joto. Mpira hautaki joto."

"Basi nitachonga asubuhi, kabla jua halijapanda."

Mafundi wakacheka, naye akacheka bila kupenda. Mkinisoma leo mtasema nilikuwa na bahati sikufukuzwa. Haikuwa bahati. Idi ilikuwa imekaribia, kadi zilikuwa zimeagizwa na maduka karibu yote ya mjini Tabora, na wachongaji walikuwa wawili tu, mmoja wao ana mtoto wa jicho. Mzee Masudi, ndiye huyo Fundi Mkuu, alinihitaji kuliko nilivyomhitaji, nami nilikuwa nimeshapeleleza hilo kabla ya kupiga hodi.

Karakana yetu ilikuwa Kanyenye, nyuma ya maduka ya nguo. Ilikuwa mali ya ushirika wa mafundi ulioanzishwa baada ya Uhuru. Kabla yake, mtu akitaka kumpelekea mwenzake kadi ya sikukuu alinunua za Ulaya, zenye theluji na kindege chenye kifua chekundu ambacho hapa Unyamwezini hakuna aliyepata kukiona. Wakristo wetu wa vijijini walipelekeana theluji ile kila Krismasi huku wanapalilia mahindi kwenye matope. Sisi tukasema tutachapa zetu. Tukachapa mwezi na vichala vya tende kwa Idi, hori na ng'ombe wenye nundu kwa Krismasi, kinu na mchi kwa harusi.

Nitawaeleza kazi ilivyofanyika, kwa sababu sasa naona watu wanasema "muhuri" wakifikiria kile cha ofisini cha kugonga tarehe. Mpira wetu tuliutoa kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Soli iliyokwisha kukanyagwa imeshikamana, haimeguki chini ya wembe. Picha huchorwa kwanza kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, kisha karatasi hulazwa kifudifudi kwenye mpira na kusuguliwa kwa ukucha wa kidole gumba mpaka mchoro uhamie. Kila kitu hukaa kinyume. Mtu uliyemchonga anakwenda magharibi, ukimchapa anakwenda mashariki. Kisha unaondoa mpira usioutaka na kuuacha unaoutaka, na mkono ukiteleza hakuna kurudi. Kabla ya kutia wino ulikandamiza muhuri kwenye nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, ukaona sura yake ilivyo. Ukiridhika, uligundisha mpira kwenye kitako, yaani kibao cha mninga cha kushikia. Wino ulikuwa ule wa mashine ya kurudufu, tukiuzimua kwa mafuta ya taa na kuuloweka kwenye kitambaa ndani ya kopo la samaki.

Mabaki ya manila, ile karatasi ngumu ya kadi, hatukuyatupa. Tulikata vikadi vya ukubwa wa kiberiti, na ndani ya eneo hilo dogo tulichapa picha nzima: nyumba, mti, mwanamke na mtungi, mvua juu yake. Wanaume walivitia kwenye pochi, wanawake walivifunga kwenye pindo la kanga. Vikadi ndivyo vilivyokuwa kazi yangu. Kadi kubwa huficha makosa ya fundi, lakini kwenye kikadi unywele mmoja ukizidi, uso wa mtu unakuwa wa mbuzi.

Na muhuri wangu mkubwa kwa jina, ingawa mdogo kwa umbo, ulikuwa Mpagazi.

Baba yangu alikuwa mshona nguo wa Cheyo, na baba yake yeye alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na vitambaa, shanga na hadithi. Siku zile kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona bahari alikuwa bado mtoto machoni pa wasichana. Baba aliyasimulia hayo akiwa anakanyaga cherehani, na mimi nikamchonga babu ambaye sikuwahi kumwona: mzigo kichwani, fimbo mkononi, njuga mguuni, mguu mmoja umeshanyanyuka. Shingo nilimnyoosha kabisa. Mzee Masudi alipoiona alama yake kwenye nta alisema, "Huyu anakwenda kweli." Toka siku hiyo hakunionyesha tena kopo la gundi.

Wanunuzi wakubwa wa Mpagazi walikuwa watani. Asiyejua utani nitamweleza kwa ufupi. Wazee wetu walipopita na misafara katika nchi za Wagogo, Wazigua na Wazaramo, waligombana nao, wakapatana nao, na aliyekufa njiani mbali na kwao alizikwa na hao hao. Kutokana na hapo ikawa mtani anaweza kukutukana usikasirike, akachukua kuku wako, na siku ya msiba wako yeye ndiye mwenye haki ya kucheka. Tena akija msibani akakaa kwa heshima kama mgeni, ndipo unapojua amekuchoka. Basi Mzigua wa Tabora akitaka kumpa pole Mnyamwezi alikuja karakana kununua Mpagazi, na sisi tulimchapia maneno chini yake. Maneno makali. Sisi nasi tuliwarudishia kwa kadi ile ile.

Mameneja watatu walipita juu yangu. Wa kwanza alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu wa kusinzia. Wa pili alipenda hotuba, akatuacha tufanye kazi wakati yeye anahutubia. Wa tatu alikuja baada ya Azimio la Arusha, kijana aliyesoma, suti ya Kaunda imepigwa pasi, anamwita kila mtu "ndugu" mpaka mfagizi. Nitamtendea haki: alikuwa meneja mzuri kuliko wenzake wote wawili. Miaka ile karatasi iliadimika nchi nzima, yeye akapata manila. Alipata wapi hatukuuliza. Aliwapandisha wanawake wa benchi la gundi mshahara. Siku anajitambulisha alisema ametokea Handeni.

Handeni! Tukatazamana. Handeni ni Uziguani, kwa hiyo tumeletewa mtani awe mkubwa wetu. Kuanzia hapo Mzee Masudi alikuwa akimwambia, "Mtani, suti hiyo umeiba kwa nani?" naye Meneja alitabasamu kwa midomo tu, akaingia ofisini. Tulidhani ni tabia ya wasomi, utani wao umelala.

Kisha mama yake Meneja akafariki huko kwao. Alipoondoka kwenda kuzika tulichanga rambirambi kama ilivyo desturi, na Mzee Masudi akaniambia nichape Mpagazi, kadi kubwa, kwa wino mweusi. Maneno aliyatunga yeye mbele yetu sote, tukicheka mpaka machozi: "Mtani, tumesikia mama amekukimbia. Hata sisi tungekukimbia. Kaniki zake usimgawie mtu, mpagazi wetu yuko njiani kuja kuzichukua." Kwa mtani wa kweli hakuna pole nzuri kuliko hiyo. Tukaifunga kwenye bahasha pamoja na rambirambi, kijana wetu mmoja akamwahi nayo stesheni.

Meneja alirudi amekonda. Hakusalimia. Alisimama katikati ya karakana, kadi mkononi.

"Nani aliyechonga huyu?"

"Ni mimi, Ndugu Meneja," nikasema.

"Umemcheka mama yangu, Ndugu Tatu. Kadi hii imesomwa mbele ya kaburi lake. Mimi mwenyewe nilimpa mtu asome kwa sauti, nikijua ni maneno ya pole kutoka kazini kwangu."

Mzee Masudi akainuka. "Meneja, kosa kama lipo ni langu. Tulikutania, baba. Wewe si Mzigua?"

"Mimi si Mzigua! Nani aliwaambia mimi ni Mzigua? Wazazi wangu walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge. Nimezaliwa kambini, Handeni. Mama amekufa kambini. Sina mtani mimi, wala huku wala huko!"

Roho iliniuma, na nasema hivyo wazi, kwa sababu mama ni mama. Nilimwonea huruma yule kijana kuliko nilivyopata kumwonea mtu pale kazini. Laiti angeishia hapo, tungemlilia mama yake pamoja naye mpaka jioni. Lakini hasira ikishaingia ofisini huvaa nguo za siasa. Akaigeuza kadi, akamgonga Mpagazi kwa kidole.

"Na huyu ni nini? Nchi imejitawala, bado mnachapa picha ya mtu mweusi aliyebebeshwa mzigo na mabwana zake? Hamna haya? Kuanzia leo tutachapa jembe, trekta na mwenge. Ndugu Tatu, lete muhuri huo."

Nikauleta. Akachukua wembe kwenye meza yangu, akanipa.

"Kwangua. Hapa, mbele ya wote."

Nikamtazama. "Ndugu Meneja, kwa mama yako nakupa pole, tena ya kweli, isiyo na utani ndani yake. Lakini babu yangu hakubebeshwa. Alibeba, kwa ujira wake, na njia aliijua kuliko hao mabwana. Simkwangui."

"Ni mali ya ushirika!"

"Cha ushirika ni kitako."

Nikaingiza wembe kati ya mpira na mninga, taratibu, mpaka gundi ikaachia. Nikampa kibao chake. Mpira ulitoka kwenye kandambili yangu mwenyewe, ile niliyoivaa mpaka ikatoboka kisigino, na wote pale walilijua hilo. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikakaa, nikaendelea kuchonga vichala vya tende.

Barua ya uhamisho ilinijia upesi. Bukene, kwenye reli ya Mwanza. Kule kijiji cha ujamaa kilikuwa na ghala lililokuwa chini ya ushirika wetu, na kazi yangu ikawa kugonga chapa kwenye magunia ya mpunga na mahindi: jina la kijiji na alama ya jembe. Mchonga vikadi akapewa muhuri mkubwa kama sahani, wa kushika kwa mikono miwili. Mkubwa wangu kule alikuwa Bwana Ghala, mtu mwema aliyeogopa kivuli chake. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada Tatu, mimi nimesikia habari zako. Tafadhali usinichongee kitu."

Kuchonga sikuchonga, nilichapa. Niligonga magunia kutwa, na gunia langu halikuwahi kurudishwa kwa chapa mbaya, kisha nikirudi nyumbani nilimtoa Mpagazi. Kitako sikuwa nacho, nikamgundisha kwenye gunzi la mahindi. Manila haikuwepo, nikachapa kwenye makasha ya sabuni yaliyokatwa vikadi. Siku za treni nilikwenda stesheni na kuviuza madirishani, mbele ya kila mtu. Aliyetaka kunishtaki ningemwonyesha njia ya kwenda ofisini. Wasafiri walivinunua, wengine wanakwenda Mwanza, wengine wanarudi Tabora na kuendelea mpaka pwani kabisa. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na ukorofi ndani yake. Meneja alitaka kumfuta mpagazi mmoja, sasa walikuwa njiani wengi ambao hata mimi siwajui waliko.

Nilikaa Bukene miaka, sitawaficha kwamba mingine ilikuwa mizito. Ukame ulitukuta kule. Wanangu walianza shule kule. Usiku, sauti ya treni ya Tabora ikipita, nilimlaani Meneja kwa Kinyamwezi, maana Kiswahili hakinitoshi nikikasirika.

Ndipo baba akafa, Cheyo. Nilifika asubuhi nikakuta uwanja umejaa, na nyuma kabisa, karibu na ukuta wa ua, amesimama Meneja wangu. Ilikuwa desturi ya kazini, mfanyakazi akifiwa mkubwa wake aende. Alinipa mkono. "Pole, Ndugu Tatu." "Nimeshapoa, Ndugu Meneja." Tukaishia hapo.

Baba alikwisha oshwa na kusaliwa. Wanaume wakalinyanyua jeneza, wakafika mlango wa ua, wakasimama. Mama Semeni, Mzigua muuza vitumbua wa mtaa wetu, alikuwa amelala kifudifudi mlangoni. Amevaa kanzu ya baba, na amekumbatia kifurushi cha matobolwa, vile viazi vyetu vya kukaushwa.

"Hatoki mtu!" akapiga kelele. "Huyu ni mpagazi wangu! Mzigo wangu haujafika Bagamoyo, mnampeleka wapi?"

"Mama Semeni, tupishe, jua linapanda," kaka yangu akamsihi.

"Jua lipande! Mnyamwezi anaondoka bila matobolwa, mmewahi kuona wapi? Atakula nini huko, mizizi?" Akainuka, akajitwika kifurushi kichwani, akaanza kutembea mbele ya jeneza kama baba alivyotembea, bega moja chini, mguu wa kushoto anauburura kwa sababu ya miaka yote ile ya kukanyaga cherehani. Alikuwa baba mwenyewe. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini, na nilipoketi kilio ambacho kilikuwa kimenikwama toka Bukene kikatoka chote. Mama Semeni akaniona, akaja na kanzu yake, akanishika kichwa akakiweka kifuani, na yeye mwenyewe analia. Kaka akamtilia pesa mkononi, maana mtani hafungui njia bure. Akafungua mlango, jeneza likapita.

Baada ya wanaume kurudi kutoka makaburini nilimkuta Meneja bado yuko pale pale ukutani. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliongea bila kunitazama.

"Sisi kambini, nyapara alitupa ruhusa ya asubuhi. Watu wa makabila kumi, hakuna anayemjua mwenzake vizuri. Tulimzika kimya. Kisha ikasomwa kadi yenu. Watu wawili walicheka. Niliwachukia. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nawachukia."

Nikaanza kuokota vikombe vya waombolezaji. Nilikuwa na msiba wangu.

"Rudi Tabora," akasema. "Nitaandika barua."

"Nitarudi na Mpagazi."

"Sikusema umwache."

Hakuniomba radhi, nami sikumshukuru. Watu wamenilaumu kwa hilo, eti mkubwa amejishusha, ungesema asante. Asante ya nini? Ya kunirudisha mahali aliponitoa? Miaka ya Bukene hairudishwi kwa barua. Lakini nilipoondoka pale uani nilimwona Mama Semeni anamfuata, bado na ile kanzu, anamuuliza huyu kijana mbona amesimama kama mti wa simu, hajafiwa yeye? Naye akamjibu kwamba amefiwa, zamani kidogo. Walikaa kwenye jamvi muda mrefu. Alimwambia nini hainihusu.

Nilirudi Kanyenye. Mzee Masudi alikuwa amestaafu, nikakaa kwenye kiti chake: Fundi Mkuu mwanamke, mwenye mikono ya joto. Tulichapa jembe, tulichapa mwenge, na tulimchapa Mpagazi, kwa kitako kipya cha mninga. Nilistaafu kutoka kiti hicho. Ushirika ulikuja kufa baadaye kama vilivyokufa vyama vingine, lakini mimi sikufa nao. Nachonga mpaka leo. Jicho la kulia limechoka, la kushoto halijui uchovu.

Vijana huja kuniuliza niliwezaje kumkatalia meneja enzi zile. Wanataka niseme nilikuwa shujaa. Sikuwa shujaa, nilikuwa fundi. Kitu nilichokichonga mwenyewe, nikajua ni cha kweli, sikuwa tayari kukifuta kwa mkono wangu ili mtu apoe hasira. Angekitupa yeye, sawa, ningechonga kingine. Nyinyi mtakutana na wakubwa wazuri na wakubwa wabaya, na mzuri ndiye wa kumwangalia zaidi, kwa sababu kumkatalia kunauma.

Siku zangu nami zinakaribia, siogopi kulisema. Wanangu wa mjini wameanza kuona haya kwa mambo ya watani, wanasema yanachelewesha maziko na wageni hawaelewi. Nimewaita wote, nimewakalisha, nimewapa wosia wangu: mtani akija kunizuilia mlangoni, msimlipe haraka.